Marehemu Ametuma Mchele

Jumanne, 1 Aprili 1997

Leo Rama ametuma mchele. Rama yuko chini ya udongo tangu mwanzo wa mwezi wa tatu, lakini mchele anatuma. Na kitenge cha Mama. Na salamu kwa wote.

Aliyeleta ni Haruna, kaka yake mkubwa, fundi wa magari mwenye garaji hapa hapa Buyenzi. Amenunua sokoni, naujua mchele ule, ni ule wenye mawe. Akauweka mbele ya Mama, akasema mtu wa mashua amevuka nao ziwa kutoka Kigoma. Mama akakishika kitenge, akakigeuza, akaniuliza kama rangi ni nzuri. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Nikasema nzuri, Mama, Rama anajua kuchagua. Kisha nikaingia jikoni kuchambua mawe.

Hapa naandika wazi kwa sababu kwingine siwezi. Mume wangu amekufa. Minibasi yao ilishambuliwa kwenye barabara ya kusini, wenye bunduki walitokea vichakani. Alikuwa ametoka Rumonge kununua mawese. Tangu ambargo ianze, nchi jirani zitufungie biashara, bandarini hakuna kazi, na wakala wa forodha asiye na meli atafanya nini? Akaanza biashara ya mawese. Kwenda Rumonge, kurudi Rumonge.

Haruna alikuja kuniambia nikiwa kwenye cherehani. Kabla sijapiga kelele akaniziba mdomo kwa mkono wake, mkono unanuka mafuta ya gari, Mama asisikie. Akasema waliokufa wamezikwa pale pale walipoangukia, wote pamoja, na kufika huko hakuna njia.

Mama mkwe wangu ana tansiyo, damu inampanda, na sukari. Daktari alisema asishtuliwe. Kwa hiyo Rama yuko Kigoma, amekwama, meli hazitembei. Tunaojua ni mimi na Haruna tu. Hata Mariamu, mdogo wao, hajui. Anaolewa baada ya Idd, na Haruna anasema bibi arusi asiingie kwa mume na machozi.

Uongo huu ulikuwa wa siku mbili tatu. Sasa umehamia nyumbani na virago vyake.

Nimechoka. Mawe ni mengi kuliko mchele.

Ijumaa, 4 Aprili

Mwanamke akifiwa na mume anakaa eda. Miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatii manukato, hatoki ovyo. Wanawake wa mtaa wanakuja kukaa naye mkekani, wanamwita mjane wa fulani. Wengine wanaona ni kifungo. Mimi naona ni kiti. Watu wote wanajua huyu alikuwa mke wa yule, na yule hayupo.

Mimi sina mkeka. Nina cherehani barazani na wateja wananiuliza mzee wa Kigoma anarudi lini.

Nilimwendea shehe nikamuuliza kama vile namuulizia mtu mwingine. Akasema siku zinahesabiwa tangu mtu alipokufa, mke akae asikae. Zikipita zimepita. Si kama saumu, kwamba utalipa baadaye. Nikamwambia ahsante, nitamfikishia.

Sina mtoto. Mimba mbili zilitoka. Mwanamke mwenye mtoto, mtoto ndiye shahidi wake. Mimi nina nini? Eda peke yake. Isipokaliwa, mwaka ujao nani atasema Zaina alikuwa mke wa Rama? Watasema alikuwepo mwanamke mmoja pale, mshonaji.

Nilimwambia Haruna nataka kukaa. Akasema, vumilia shemeji, arusi ipite. Nimekubali. Ila nimevua hereni. Mama alinipapasa sikio, akauliza. Nikasema yameota vidonda.

Alhamisi, 10 Aprili

Konsolata wa Ngagara amekuja kupima gauni. Mumewe aliuawa miaka mitatu iliyopita, na sasa familia wameweza kukutana kumaliza msiba kama wanavyofanya wao: ndugu wote, vinywaji, hotuba, mkubwa anasimama na kusema sasa tuondoe majonzi. Anataka gauni la zambarau lenye mikono mirefu. Akalalamika wee. Wakwe zake wanataka makubwa, wanataka mahema, wanataka kila shangazi kutoka mlimani.

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikamshukuru Mungu kwa zile pini.

Nimemwonea wivu. Naandika kama ilivyo. Nimemwonea wivu mwanamke aliyeuliwa mume, kwa sababu ana siku, ana gauni, na ana watu wa kumkera.

Jumamosi, 12 Aprili

Haruna ameleta televisheni yake kwetu ili wageni wa arusi waione. Jioni ikaonyeshwa filamu ya zamani ya Kifaransa, nyeusi na nyeupe. Familia ya kitajiri, mezani, wanakunywa supu. Msichana mmoja analelewa kama mdogo wa dada fulani, kumbe dada huyo ndiye mama yake mzazi. Meza nzima wanajua isipokuwa msichana. Mmoja analewa, mwingine anachekacheka, baba anakata mkate tu.

Mama haioni picha wala hajui Kifaransa, kwa hiyo nilikuwa namfasiria. Akauliza mbona hawamwambii mtoto wa watu. Nikasema wanaogopa ataumia. Mama akasema kwani sasa haumii? Anaona wote wanamkwepa macho na hajui kosa lake.

Haruna akainuka akazima. Umeme mdogo, akasema, utaunguza mashine. Taa ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Mariamu alinuna, alitaka kujua mwisho. Mimi sikutaka. Nilienda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumapili, 20 Aprili

Idd imepita. Mama aliniagiza nimtengee Rama mapaja, eti nyama ikaushwe asubiriwe. Nimeikausha. Nzi.

Alhamisi, 24 Aprili

Siku ya hina. Tangu asubuhi nyumba imejaa wanawake, ngoma, udi, maandazi, kelele. Mariamu yuko katikati, miguu juu ya mto, anang'aa. Nampenda huyu msichana. Nilimkuta mdogo wa shule, nimemshonea sare zake zote.

Nilijificha jikoni nikijifanya nakaanga. Shangazi yao mmoja akanifuata, akanivuta mkono. Mke wa kaka ya bibi arusi asitiwe hina? Unataka watu waseme nini? Mume yuko safarini, akirudi akukute mkavu kama kuni? Wakacheka wote. Utani wa kawaida, mimi mwenyewe nimeshawatania wengine hivyo hivyo.

Nikanyoosha mikono. Ningefanyaje? Fundi wa hina akanichora maua mpaka kwenye kiwiko, na akaniandikia herufi R kwenye kiganja, zawadi ya Rama, akasema. Haruna alipita mlangoni akaniona. Akatazama chini.

Mjane mwenye hina. Ikikauka inavuta ngozi. Nilisubiri wote waanze kucheza, nikaenda bafuni kusugua kwa majivu. Haitoki. Imekolea vizuri, hina ya bei.

Nilitaka kulia na machozi hayakuja. Yaliyokuja ni hasira. Namchukia Haruna. Leo namchukia kabisa.

Jumamosi, 26 Aprili

Arusi. Mchana, kwa sababu ya kuvrefe, amri ya kutotoka usiku, wageni wote wafike kwao kabla ya giza. Mariamu alilia kidogo akauliza kaka Rama ameshindwa kweli hata kupiga simu. Haruna akasema amepiga, garajini, laini ikakatika. Mama aliketi na kitenge chake kipya. Hakuuliza lolote. Nilimwangalia kutwa, nikashangaa. Mama gani mwanawe akose arusi ya dada yake na yeye ametulia tuli.

Nilipiga vigelegele. Sauti yangu niliisikia kama ya jirani.

Jumatano, 30 Aprili

Nimemwambia Haruna, arusi imepita. Akasema tungoje Mariamu azoee kwake. Nikasema amezoea. Akasema tungoje dawa ya Mama, inapatikana kwa shida, bila dawa usimwambie mgonjwa kitu kama hicho. Nikasema basi nipeleke nikaone alipozikwa, nikasome fatiha, nirudi ninyamaze. Akasema barabara ni mbaya. Nikasema minibasi zinaondoka Musaga kila asubuhi na watu wanapanda, na wanajeshi wanasindikiza. Akapandisha sauti, kitu ambacho hanifanyii.

Akasema sijui ninachokiomba.

Nimelala na maneno hayo. Mtu ameoza kwenye shimo moja na wenzake, hakuoshwa, hakukafiniwa, hakuswaliwa. Hicho ndicho ninachokiomba. Nakijua sana. Kila nikifumba macho nakiona.

Jumatatu, 12 Mei

Sare za shule, dazeni. Mgongo. Mama anakula vizuri. Rama ametuma sabuni.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua zimekwisha. Vumbi tayari limeanza. Hakuna sukari mjini, mafuta ya taa ni ya kupanga foleni. Usiku bunduki upande wa milimani, asubuhi watu wanachota maji kama kawaida.

Siku zangu zinaliwa. Naziona zikienda. Ningekuwa nimekaa, sasa hivi ningekuwa nimeshapita nusu. Nimejaribu kukaa kwa siri: sitoki isipokuwa sokoni, navaa kaniki ndani ya kitenge. Ni upuuzi. Huzuni ya kuificha ndani ya kitenge.

Nalia bafuni na maji yakimwagika. Hapo tu.

Jumapili, 8 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Baada ya chakula Mama aliniita chumbani kwake. Akasema nifunge mlango. Akanikalisha kitandani, karibu, akanishika goti.

"We Zaina, mi nasikia unalia kila siku kule ku maji. Mi ni kipofu, apana kiziwi."

Nikajua amejua. Na nitasema kweli, nilifurahi. Nilifungua mdomo kusema Inna lillahi. Akaniwahi.

"Mi nilijua tangu siku ya kwanza. Haiko Kigoma. Haruna hajui kuongopa. Rama yuko Rumonge, kwa mwenzako."

Sikuelewa. Nilirudia lile neno kama mjinga, mwenzangu. Akanipigapiga goti. Akasema alikuwa akingoja Rama aniambie mwenyewe, ameahidi mara nyingi, lakini mwanamume ni mwoga. Akaona mimi nimeshajua, maana mwanamke halii hivyo kwa ajili ya mume aliyekwama na meli. Mwanamke analia hivyo kwa ajili ya mwanamke mwingine. Anaitwa Aisha. Ameolewa tangu mwaka juzi, kwa shehe wa kule. Ana mimba.

"Apana mukasirikia ye sana. Mi ndo nilimutafutia. Nilitaka kushika mutoto wa Rama mbele ya kufa. Unisamehe, mwanangu. Na ye akirudi atakuomba musamaha."

Alikuwa analia. Macho yake yale yasiyoona, yanalia vizuri tu.

Nikasema sawa, Mama.

Hilo tu. Sawa, Mama. Nikamfuta machozi kwa ncha ya kitenge changu, nikatoka, nikakaa kwenye cherehani na kushona pindo mpaka uzi ukaisha, na sindano ikaendelea kutoboa bila uzi.

Sasa naelewa utulivu wake siku ya arusi. Aliuona uongo wa Haruna zamani, ila alidhani ni uongo mwingine. Anadhani mwanawe amelala kwa mke mdogo. Na mimi nilidhani ninamficha yeye, kumbe nyumba nzima ilikuwa inanificha mimi.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda garajini. Haruna alikuwa chini ya gari, miguu tu nje. Nikasema jina moja, Aisha. Miguu ikatulia. Alichukua muda kutoka.

Hakukataa. Amechoka na yeye, nimeona. Amekonda. Tulikaa juu ya matairi, na yote akayatoa kama mtu anayetapika. Minibasi ilishambuliwa si mbali na Rumonge. Watu wa kule walimjua, wakamrudisha kwa Aisha. Alizikwa siku ile ile, kwenye makaburi ya Waislamu. Shimo la watu wengi halikuwepo, alilitunga. Yeye mwenyewe Haruna alikwenda baada ya siku chache, na msafara wa wanajeshi, akahudhuria hitima. Mimi aliniambia anakwenda Gitega kutafuta vipuri. Nakumbuka nilimfungia chapati za njiani.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema tungetangaza kilio watu wa Rumonge wangekuja, na mimi ningejua, na Rama alikuwa amemuapisha nisijue mpaka aseme mwenyewe. Kiapo cha marehemu. Na tansiyo ya Mama? Ni kweli pia, akasema. Ni kweli, lakini ilimfaa.

Kisha nikauliza swali ambalo nilikuwa nalo tangu mwezi wa tatu.

"Alioshwa?"

"Alioshwa, shemeji. Sanda, swala, kila kitu."

"Nani alimuosha?"

Haruna akafuta mikono kwenye kitambaa, akafuta tena.

"Aisha. Mke anaruhusiwa. Alikataa mutu mwingine amuguse."

Nilitembea kurudi nyumbani katikati ya avenyu, baiskeli zinanipigia kengele. Sijui niliumia zaidi au nilipumzika zaidi. Miezi mitatu nimekuwa nikimwona kwenye shimo na matope mdomoni. Kumbe alioshwa na mkono uliompenda. Walininyima hata hilo. Wangenipa maumivu yangu na faraja yangu pamoja, ningebeba vyote. Walijuaje kwamba siwezi?

Jumatano, 11 Juni

Rama, we ni mshenzi. Mawese! Nilikuwa nakuoshea yale madumu.

Miaka kumi na moja. Ungesema tu. Ningepiga kelele, ningerudi kwetu wiki, ningerudi tena. Nimeona wanawake wenzangu wakipewa wenza, hawakufa. Ulikuwa unanionea huruma au ulikuwa unajihurumia?

Na yule kule amekaa mkekani. Tangu siku ya kwanza. Watu wanamletea unga na mkaa, wanamwita mjane wa Rama. Mimi niko huku na hina kwenye kucha.

Sijala.

Jumanne, 17 Juni

Nimefikiria kurudi kwetu Nyakabiga kwa kaka yangu bila kuaga. Nimefungasha, nimefungua. Nikiondoka sasa, nimeondoka kama mke aliyekasirikia mke mwenza. Sitaki hivyo. Mimi ni mfiwa. Hasira yangu ni mambo yetu mimi na Rama, tutaonana akhera. Eda ni mbele za watu, na imebaki kidogo, haifiki mwezi.

Haruna amekuja na ndagala, dagaa wa ziwani, Rama ametuma. Nilimtazama. Akashindwa kumalizia sentensi.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekaa.

Asubuhi, baada ya swala, nilioga, nikavaa shuka nyeupe, nikachukua mkeka wangu wa kuswalia nikautandika sakafuni chumbani kwa Mama. Haruna nilikuwa nimemtumia habari aje. Alifika anahema, akasimama mlangoni, akanionyesha kwa mikono, usifanye, usifanye. Nikamwambia kaa. Akakaa.

Mama akanyoosha mkono kunitafuta akagusa shuka. Akaishika katikati ya vidole, akaipima. Mama alikuwa mshonaji kabla yangu, cherehani ile ni yake. Kitambaa cha namna ile, cha eda na sanda, anakijua.

"Nani?" akasema.

"Mimi, Mama. Nakaa eda."

Hakulia. Akauliza lini, nikamwambia mwezi wa tatu. Akauliza wapi, nikamwambia karibu na Rumonge, na kwamba alizikwa vizuri, alioshwa, alikafiniwa, aliswaliwa. Hilo nililisema mara mbili. Akaiachia shuka.

"Na ule muchele?"

Haruna akajibu kwa sauti ya mtoto aliyevunja kitu. Mama akageuza uso upande wa sauti yake.

"Mi nilikuwa naomba huyu mutoto amusamehe mutu mwenye alishakufa. Na we unaniangalia."

Hapo ndipo alipolia. Kilio kikubwa, kilio cha wazee, avenyu nzima ikasikia. Hatukuhitaji kumtuma mtu. Kabla ya adhuhuri wanawake walikuwa wamejaa ua, wamevua viatu, wanaingia mmoja mmoja. Yule shangazi wa hina alianguka mlangoni, akanishika mikono, akaangalia viganja vyangu.

Mtu akasema, pole mjane wa Rama. Nikaitika.

Nilimwambia Mama kwa haki au kwa kisasi? Vyote viwili. Nimejichunguza, siwezi kuvitenganisha.

Jumapili, 22 Juni

Tansiyo ilipanda, Mama amelala dispanseri tangu jana. Haruna alisimama dirishani akasema nimemuua mama yake. Mimi siwezi kutoka kwenda kumwona, niko eda. Nimekaa hapa nasoma Yasini na wanawake, na kila mlango ukigongwa naacha kusoma.

Akifa nitasema nini? Ningefanya tena.

Alhamisi, 26 Juni

Amerudi. Mwepesi kama nguo iliyokauka. Amekataa kitanda chake, ametaka mkeka karibu na wangu. Haongei na Haruna. Anapokea dawa kutoka mkononi mwake, anameza, anageuka.

Mariamu naye amekuja kukaa. Amenikasirikia siku mbili, kwamba nilimchezea arusi yake huku najua. Leo amenisuka nywele.

Jumamosi, 5 Julai

Baridi ya asubuhi. Watu wamepungua, ndivyo inavyokuwa. Konsolata alikuja kutoka Ngagara na kikapu cha maharage. Alikaa kimya saa nzima, mtu wa maneno yote yale.

Mama ananisimulia Rama alipokuwa mdogo. Alikuwa mwizi wa sukari. Mengine ananidanganya ili nicheke, najua, na nacheka. Bado nina hasira na yeye. Aliniletea mke mwenza nyuma ya mgongo wangu na alikuwa akila mkononi mwangu. Nimemwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo. Akasema ni kweli. Tukala.

Ameniomba nisirudi Nyakabiga eda ikiisha.

Jumapili, 13 Julai

Eda imekwisha jana jioni. Nilikaa siku chache tu kati ya zote. Shehe anasema Mungu anajua. Mimi najua pia.

Leo asubuhi Mama alikataa mtu mwingine ashike ndoo. Alipapasa mwenyewe mpaka jikoni, akawasha mkaa, akachemsha maji, akaonja kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Akaniogesha. Kichwa, mgongo, mikono. Kisha nikavaa gauni la kawaida, la bluu, nikatoka mpaka barabarani, nikasimama. Muuza mikate akanisalimia. Nikanunua mikate miwili.

Aisha bado amekaa. Mwenye mimba eda yake ni mpaka ajifungue. Agosti, wanasema.

Mama anataka kwenda Rumonge kuona kaburi. Haruna amesema atatupeleka na msafara, barabara ikiwa shwari. Nimesema nitakwenda. Sijui nitamsalimia vipi yule mwanamke, wala kama nitakaa kwake au nitasimama nje. Kuna kitu kimoja nataka kumuuliza. Rama hakuweza maji baridi, hata wakati wa joto. Nataka kujua kama siku ya kumuosha alimpashia maji moto.